Giaboksi ya Otomatiki Inayoharibika Kila Mara: Mwongozo kwa Wenye Magari wa Mtwara na Lindi

Ukikaa na wenye magari wa Mtwara, Lindi au Masasi, haipiti muda utasikia: "Giaboksi nimeshatengeneza mara ya pili, na sasa imeanza tena." Gari lilitoka gereji likiwa zima, likakaa wiki kadhaa, kisha siku ya safari, ukishapita Mnazi Mmoja unaelekea Ndanda, linaanza kunguruma bila kuvuta. Pesa imeshakwenda. Fundi anasema giaboksi ya mtumba ni bahati nasibu, na mwenye gari anabaki akiamini kwamba aliuziwa gari bovu.

Giaboksi iliyotengenezwa ikafa tena kwa namna ileile, mara nyingi ilibadilishiwa kile kilichoumia tu, na kilichokiumiza kikaachwa ndani ya gari. Inaweza kuwa rejeta chafu, oili isiyo yake, waya uliooza au thamostati (valvu inayodhibiti joto la injini) iliyotolewa. Mwongozo huu umepangwa kutoka kwenye ukaguzi usio na gharama hadi ule wa gharama kubwa, kwa sababu hasara nyingi hutokea pale mtu anapoanzia mwisho: giaboksi inashushwa kabla hata oili haijatazamwa.

Hatua ya kwanza: ijue giaboksi uliyo nayo

Fungua boneti utafute kibati cha taarifa za gari. Kwenye magari mengi ya Kijapani kimepigiliwa kwenye ukuta wa nyuma wa injini. Kwa baadhi kipo kwenye nguzo ya mlango. Kwenye Toyota tafuta mstari ulioandikwa TRANS/AXLE: hapo ndipo ilipo namba ya giaboksi, mfano U340E au U341E. Kwenye Nissan utakuta namba kama RE0F10A, ambayo ni CVT. Piga picha kibati chote pamoja na namba ya chasisi, uihifadhi kwenye simu. Picha hiyo utaihitaji siku ya kununua oili, siku ya kuagiza spea Dar es Salaam, na siku ya kubishana na mtu anayekuambia "hizi zote zinaingiliana".

Jambo kubwa hapa ni kujua kama una otomatiki ya gia za hatua au CVT. Otomatiki ya hatua ina gia 4, 5 au 6, na ukiendesha unasikia kila inapobadilisha. CVT haina hatua: ina puli mbili na mkanda wa chuma, hivyo injini hushika mlio mmoja huku mwendo ukiongezeka. Wapo watu walioshushiwa CVT nzima kwa lalamiko la "haibadilishi gia". Na gari la jina moja linaweza kuwa na aina tofauti kwa mwaka tofauti. X-Trail ya umbo la kwanza, T30, ina otomatiki ya gia 4, lakini T31 iliyofuata nyingi ni CVT. Kwa hiyo jina lililoandikwa nyuma ya gari halitoshi.

Kwa wenye Nissan za CVT za miaka ile, haki isemwe: udhaifu mwingine ulianzia kiwandani. Nchini Marekani, Nissan iliongeza dhamana ya CVT kwa magari mengi ya hadi mwaka wa 2010 ikafika miaka 10 au maili 120,000, yaani kilomita kama 193,000. Gari lililofika kwetu likiwa limeshatembea umbali wa karibu na huo lina giaboksi iliyokaribia mwisho wa kile ambacho mtengenezaji mwenyewe alikubali kukibeba.

Hatua ya pili: andika dalili kabla ya kuonana na fundi

Ukimwambia fundi "giaboksi inasumbua", umemruhusu akisie. Chukua daftari au simu uandike: inatokea gari likiwa baridi au baada ya kupata moto? Kwenye mwendo gani? Kwenye mlima, tambarare, au unapotoa R kwenda D? Kwenye D tu, au hata R? Taa gani iliwaka kwenye dashibodi?

Majibu hayo peke yake yanapunguza kukisia. Gari linalovuta vizuri asubuhi na kuanza kuteleza baada ya mwendo wa saa moja kwa kawaida lina tatizo la joto, au sili za ndani zimechoka na presha inavuja oili ikishakuwa nyepesi. Linalochelewa kuingia gia asubuhi tu, kisha likawa sawa mchana kutwa, mara nyingi lina oili pungufu au sili zilizokakamaa. Linaloondoka kwa uzito kama limeanzia gia ya tatu, na halibadilishi kabisa, mara nyingi limejifungia lenyewe ili kujilinda; hapo uanze kushuku umeme kabla ya vyuma. Na linalovuta mbele vizuri lakini R haipo, hilo kweli huwa na pleti (diski za klachi za ndani) au sili ya ndani iliyokwisha.

Kuchelewa kuingia kunapimika. Gari likiwa na moto wa kawaida, limesimama tambarare, breki umekanyaga, injini ikiwa kwenye sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta), toa N weka D huku unahesabu. Kwa Toyota nyingi, mshtuko mdogo wa gia kushika unatakiwa ufike kabla ya sekunde 1.2, kutoka N kwenda R kabla ya sekunde 1.5. Ukifika sekunde mbili au tatu, presha ya ndani ni ndogo au pleti zimelika.

Kuna mtetemo mmoja unaowapoteza wengi. Gari likiwa kwenye kilomita 60 hadi 80 kwa saa, mafuta umekanyaga kidogo tu, linatetemeka kama unapita juu ya rasta. Inaweza kuwa misi ya injini (silinda isiyochoma vizuri), inaweza kuwa klachi ya ndani ya konveta, chombo chenye oili kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi. Njia ya kutofautisha: kwenye barabara tupu, gari likiwa linatetemeka hivyo, gusa breki kidogo sana bila kuondoa mguu kwenye mafuta. Breki ikiguswa, konveta huachia klachi yake. Mtetemo ukikoma papo hapo, tatizo lipo kwenye konveta au oili. Ukiendelea vilevile, kaguza plagi na koili kwanza.

Hatua ya tatu: oili, na hapa usikimbie

Nikiambiwa nichague kitu kimoja kinachoua giaboksi nyingi zaidi huku kwetu, nitachagua oili. Mafundi wengi huiita haidroliki, na neno hilo limeficha tofauti kubwa: oili moja nyekundu inayopimwa kutoka kwenye dumu inamiminwa kwenye kila gari, kuanzia usukani hadi CVT.

Anza na kiwango. Kwa Toyota na Nissan zenye dipstiki ya giaboksi, endesha gari mpaka lipate moto wa kawaida, simamisha mahali tambarare, injini ikiwa inaunguruma. Kanyaga breki, pitisha leva kwenye kila nafasi kutoka P hadi L ukikaa sekunde chache kila moja, urudishe P. Chomoa dipstiki, ifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, irudishe, ichomoe tena usome upande ulioandikwa HOT. Honda nyingi zina utaratibu wake: injini huzimwa kwanza, kisha unapima ndani ya dakika moja hadi moja na nusu. Ukipima Honda kwa utaratibu wa Toyota utapata jibu la uongo.

Zipo giaboksi zisizo na dipstiki, hasa zile za oili ya Toyota iitwayo WS na CVT nyingi za karibuni. Hizi hupimwa chini ya gari kupitia tundu la kumwagia ziada, oili ikiwa kwenye joto maalumu. Kwa Toyota nyingi ndogo ni nyuzi 35 hadi 45. Maana yake fundi anahitaji mashine ya kusoma joto la giaboksi. Akisema atajaza "mpaka itoke", muulize itoke ikiwa na nyuzi ngapi. Oili ikizidi ni hatari kama ikipungua: vyuma vinavyozunguka huichapa ikatoa povu, na povu halishiki presha.

Kisha rangi na harufu. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Otomatiki nyingi za hatua zina oili nyekundu. Ikiwa nyekundu iliyofifia kuelekea kahawia, imezeeka. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, pleti zimeshaliwa. Ikiwa ya waridi yenye ukungu kama wa maziwa, kuna maji ndani, na gari hilo lisiendeshwe tena mpaka chanzo kipatikane. Kwa CVT usishangae ukikuta rangi ya kijani, buluu au ya asali. Tazama uangavu na harufu.

Halafu aina. Toyota ina T-IV, ina WS, na CVT zake zina TC na FE. Nissan ina Matic kwa otomatiki za hatua, na NS-2 au NS-3 kwa CVT. Honda ina Z1, DW-1, na HMMF kwa CVT zake za zamani. Mitsubishi ina SP-III, na J1 au J4 kwa CVT. Oili ya otomatiki ya hatua ukiiweka kwenye CVT, mkanda wa chuma utateleza juu ya puli, na mkwaruzo wa kwanza ukishatokea hakuna oili itakayoufuta. Kanuni ni rahisi: aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari au kwenye dipstiki, kopo lililofungwa, unalifungua wewe, na risiti unaiweka. Kama duka la Mtwara halina, agiza kwa basi. Kusubiri siku mbili kuna nafuu kuliko kuweka "inayofanana".

Sasa kumwaga. Ukifungua nati ya chini ya sampu (bakuli la oili chini ya giaboksi), haitoki yote. Kwenye giaboksi ndogo za gia 4 hutoka kama lita 3, na nyingine karibu sawa na hiyo au zaidi hubaki kwenye konveta na mabomba. Kwa hiyo mwago mmoja umebadilisha chini ya nusu. Kama oili ni chafu, mwaga na ujaze, tembea siku kadhaa, rudia, na urudie tena mara ya tatu. Sishauri mashine ya kusukuma oili kwa nguvu kwenye giaboksi ambayo haijawahi kubadilishwa. Uchafu uliotulia unaweza kung'oka ukaenda kuziba njia nyembamba za valvu bodi, sehemu inayogawa presha ya oili.

Watu husema oili mpya huua giaboksi ya zamani. Ukweli wake ni huu: giaboksi ambayo tayari inateleza haitaponywa na oili, na ikifa siku tatu baada ya kubadilishwa, oili ndiyo hubebeshwa lawama. Giaboksi ambayo haijaanza kuteleza inafaidika. Kwa hali zetu za joto na mizigo, kubadilisha kila kilomita 40,000 hadi 60,000 ni busara, hata kama kitabu kimeandika kwamba oili hiyo ni ya maisha.

Sampu ikishushwa, simama uangalie sumaku zilizomo ndani. Tope laini la kijivu ni la kawaida. Vipande vya chuma vinavyoshikika kwa kidole, au mabaki meusi ya pleti, ni taarifa kwamba usinunue tena oili ya bei. Anza kupanga bajeti ya kufungua.

Hatua ya nne: vitu vya nje vinavyosingiziwa giaboksi

Leva inakwama P na gari halitoki? Kanyaga breki mtu atazame taa za nyuma. Zisipowaka, ni swichi ya breki au fyuzi yake. Giaboksi haijui hata kinachoendelea. Magari mengi yana kitufe kidogo kando ya leva cha kuifungua kwa dharura.

Gari linagonga "ko" unapotia D au R? Tazama maunti za injini na giaboksi. Mwenzako akanyage breki atoe N kwenda D kisha R, wewe ukiwa pembeni na boneti wazi. Injini ikiruka sana, raba zimekufa. Huku kwenye barabara za vumbi na mashimo maunti hufa mapema, na kuzibadilisha ni kazi ya nusu siku.

Gari linagonga kila likibadilisha gia, na taa za mbele hufifia kwenye sailensa? Pima betri na olteneta, na fuata waya wa ethi unaoshuka kutoka betri kwenda kwenye bodi na giaboksi. Hewa ya chumvi ya Shangani, Mikindani na pwani yote ya Lindi hadi Kilwa hula vichwa vya waya mpaka vinakuwa unga wa kijani. Solenoidi zinazobadilisha gia zinahitaji umeme safi. Ukiyumba, gia zinayumba.

Thamostati naizungumzia kwa sauti, kwa sababu ni mazoea ya gereji nyingi. Gari likipandisha joto, fundi anaitoa thamostati na kusema "huku kwetu joto, haihitajiki". Matokeo yake injini haifikii joto lake la kazi mwendoni, hasa usiku au kwenye mvua. Kompyuta ya gari, ikiona kulanti (maji ya rejeta) bado ni ya baridi, inakataza gia ya juu na klachi ya konveta kushika. Mwenye gari anaona gari halipandi gia ya mwisho, injini inapiga kelele, mafuta yanaliwa, na anaambiwa giaboksi imekufa. Rudisha thamostati ya joto sahihi, kisha tibu kile kilichokuwa kikipandisha joto.

Hatua ya tano: mashine

Sasa ndipo kompyuta isomwe, na uwe pale inaposomwa. Kwenye Toyota za zamani, taa ya O/D OFF (ya kitufe cha kuzuia gia ya juu) ikipepesa yenyewe inakuambia kuna kodi, yaani namba ya kosa, imehifadhiwa. Piga picha kodi zote kabla fundi hajazifuta. P0700 ni tangazo tu kwamba giaboksi ina lalamiko. Kodi ya pili ndiyo yenye habari. P0705 ni swichi inayojua leva iko wapi. P0715 na P0720 ni sensa za mwendo, zinazobadilishwa kutoka nje kwenye giaboksi nyingi. P0711 hadi P0713 ni sensa ya joto la oili. P0741 inahusu klachi ya konveta. Kundi la P0750 na zinazofuata ni solenoidi. P0730 inasema gia inayoamriwa na mwendo unaopatikana havilingani, na hiyo ikija pamoja na oili yenye harufu ya kuungua, kushusha hakuepukiki.

Kodi ya solenoidi haimaanishi moja kwa moja kwamba solenoidi imekufa. Pima waya kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye soketi ya giaboksi. Panya wanaoingia kwenye magari yanayolala nje karibu na maghala ya korosho wamekata waya nyingi.

Hatua ya sita: joto, maji na mchanga

Oili ya giaboksi hufanya kazi vizuri ikiwa karibu nyuzi 80 hadi 95. Ikikaa juu ya 120, huanza kuharibika na kuacha utando kwenye valvu. Kwenye magari mengi madogo, oili hiyo hupozwa ndani ya rejeta ya injini: mabomba mawili yanaingia sehemu ya chini au pembeni, na oili hupita kwenye kipoza kilichozamishwa ndani ya kulanti. Hapo panazaliwa magonjwa mawili makubwa.

La kwanza, rejeta ikioza ndani, kulanti huingia kwenye oili, na ndiyo ile rangi ya waridi yenye ukungu. Ukibadilisha giaboksi ukaacha rejeta, umelisha giaboksi mpya maji yaleyale. La pili, giaboksi ikifa, unga wa pleti na vyuma husafiri mpaka kwenye kipoza na kujikusanya. Giaboksi ya pili ikifungwa, mzunguko wa kwanza wa oili unaurudisha uchafu wote ndani, au njia imeziba na oili haipoi. Ukiniuliza kwa nini giaboksi ya pili hufa haraka kuliko ya kwanza, jibu langu la kwanza ni kipoza ambacho hakikusafishwa. Kwenye otomatiki ya kawaida kisafishwe kwa dawa na upepo mpaka kinachotoka kiwe safi. Kwenye CVT iliyosaga chuma, badilisha rejeta, au funga kipoza kipya cha nje mbele yake. Kipoza cha nje nakipendekeza pia kwa kila Noah au RAV4 inayobeba abiria na mizigo kati ya Mtwara na Masasi kila siku.

Maji yana mlango mwingine. Giaboksi ina bomba dogo la kupumulia kwa juu; gari likizama kwenye maji, giaboksi ya moto hupoa ghafla na kuyavuta ndani. Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ilikatika maeneo ya Somanga, Kilwa, na katika misimu ya mvua kama ile wapo wanaopitisha magari kwenye maji yanayofika juu ya magurudumu. Gari lako likifanya hivyo, tazama oili siku hiyohiyo kabla ya kuendelea na safari. Maji huzifanya gundi za pleti kuachia, na hilo huja taratibu, wiki kadhaa baadaye, wakati umeshasahau mafuriko.

Mchanga nao. Kule Msimbati magari hushuka hadi ufukweni, na yanayonasa ni mengi. Gurudumu likikwama huku umekanyaga mafuta, nguvu yote ya injini inageuka joto ndani ya konveta, na dakika moja ya namna hiyo inaweza kupandisha oili kupita kiwango. Ukinasa, acha mara moja. Chimba, punguza upepo wa matairi, weka makuti au mbao, omba watu wasukume. Kurudisha D na R haraka haraka huku magurudumu yanazunguka ndiko kunakovunja gia za difu.

Hatua ya saba: giaboksi inaposhushwa

Ukifika hapa una njia mbili: kufungua na kutengeneza iliyopo, au kununua ya mtumba. Kwa otomatiki ya gia 4 ambayo kodi na dalili zinaonyesha tatizo moja, na fundi ana mikono safi na kitabu cha gari hilo, mimi napendelea kufungua, kwa sababu unaona kilichoharibika. Kwa CVT huku kusini, napendelea ya mtumba yenye uhakika, maana vifaa vya kupima puli na mkanda ni adimu.

Unaponunua ya mtumba, linganisha namba yote ya kibati, pamoja na herufi za mwisho, na ujue kama ni ya magurudumu mawili au manne. Nusa oili iliyobaki ndani. Omba sampu ifunguliwe uone sumaku. Dai ije na konveta yake, na muuzaji aandike siku za majaribio zianze gari likiwasha, kwa sababu mzigo unaweza kukaa njiani na gereji hata wiki mbili. Ikisafirishwa kwa basi kutoka Ilala au Kariakoo, matundu yote yazibwe, na konveta ifungwe kwa chuma au mkanda isichomoke. Ikichomoka na kurudishwa vibaya, itakaa nje kidogo ya pampu. Fundi ataikaza kwa nati mpaka iingie, na pampu itavunjika siku ya kwanza. Mwambie fundi akuonyeshe kwamba konveta inazunguka kwa mkono kabla giaboksi haijabanwa kwenye injini.

Kwa Nissan za CVT, kompyuta inatakiwa isomeshwe taarifa za giaboksi mpya baada ya kufungwa. Bila hivyo itatetemeka na kugonga ingawa ni nzima, na utarudisha kitu kisicho na kosa.

Makubaliano na fundi yawe kwenye karatasi, hata kama mnaheshimiana kama ndugu. Ziandikwe sehemu zitakazobadilishwa, aina ya oili na idadi ya lita, kusafishwa kwa kipoza, sili ya shafti mpya, na muda wa dhamana. Vifaa vya zamani urudishiwe. Sehemu ya malipo ya ufundi ibaki hadi gari litembee. Fundi mzuri hakasiriki kwa karatasi hiyo. Inamlinda hata yeye na mteja anayerudi na gari lililonasa Msimbati.

Baada ya kazi, na mwendo wa kila siku

Wiki ya kwanza usibebe mzigo mzito wala usianze safari ya Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, kwa jaribio. Zunguka mjini, kisha Mikindani na kurudi, kisha Lindi. Pima oili tena, tazama chini ya gari asubuhi kama kuna doa. Baada ya kilomita 1,000 mwaga oili na ujaze mpya, kwa sababu ya kwanza imebeba mabaki.

Unapopanda uwanda wa Makonde kwenda Newala, gari likiwa linapanda na kushuka gia bila kutulia, bonyeza O/D OFF au tumia gia ya chini. Kule kuhangaika kwa gia ndiko kunakozalisha joto. Ukishuka, tumia 2 au L ili injini isaidie breki. Usiweke N kwenye mteremko: pampu ya giaboksi inazungushwa na injini, na injini ikiwa kwenye sailensa wakati magurudumu yanakimbia, ndani kunapata oili kidogo. Simama kabisa kabla ya kutoka R kwenda D. Ukiegesha, vuta breki ya mkono kwanza, ndipo uweke P.

Gari likikatika njiani, usikubali livutwe kwa kamba kutoka Nyangao hadi Mtwara magurudumu yanayovuta yakiwa chini. Injini ikiwa imezima pampu haifanyi kazi, na vyuma vinazunguka vikavu. La magurudumu mawili ya mbele linyanyuliwe mbele. La magurudumu manne lipandishwe kwenye lori lote. Na otomatiki haiwashwi kwa kusukumwa, hata wakijitokeza vijana kumi.

Msimu wa korosho malipo yakitoka, magari mengi hununuliwa kwa haraka. Kabla hujatoa pesa, fika gari likiwa baridi, halijawashwa siku hiyo. Muuzaji aliyelipasha moto kabla hujafika ameficha nusu ya dalili. Tazama oili. Hesabu sekunde za D na R. Liendeshe angalau dakika 40, pamoja na mlima na mwendo wa kilomita 80, kisha simama na urudie kuhesabu D na R likiwa na moto. Mashine isome kodi mwisho wa safari hiyo. Kama betri imetoka kufunguliwa asubuhi ile na saa ya dashibodi imeanza upya, kodi zimefutwa. Rudi siku nyingine ulijaribu tena, au tafuta gari jingine.